Kopo la mraba, bomba la duara: tengeneza kichujio cha hewa cha Apollo 13

Tangi la oksijeni la Apollo 13, safari ya Wamarekani kwenda mwezini, lilipolipuka Aprili 1970, wanaanga Lovell, Swigert na Haise walijihifadhi ndani ya Aquarius, chombo cha kutua mwezini kilichoandaliwa kwa watu wawili. Oksijeni ya kupumua ilitosha. Hatari ilikuwa hewa ukaa waliyoitoa wenyewe. Mtu mmoja hutoa takriban kilo moja kwa siku, na kuinasa yote kunataka zaidi kidogo ya kilo moja ya hidroksidi ya lithiamu. Makopo ya Aquarius yenye kemikali hiyo yalikuwa duara na machache. Ya chombo kikuu, Odyssey, yalikuwepo, ila ya mraba, hayakuingia mahali pa yale ya duara; ndipo wakaunda kichujio hiki.

Kwa klabu ya sayansi, tumia boksi gumu lenye matundu juu na chini, ulijaze vipande vya mkaa. Hidroksidi yenyewe msiiguse: vumbi lake huunguza macho na koo.

Kata vipande viwili vya utepe mpana wa gundi, kila kimoja futi 3. Kimoja kizungushe karibu na ukingo wa juu, kingine karibu na wa chini, gundi ikitazama nje. Mmoja ashike, mwingine avute, maana utepe uliolegea huacha hewa ipenye pembeni bila kuchujwa.

Sasa kunja karatasi ngumu iwe upinde juu ya matundu ya juu. Wanaanga walitumia kadi zao za maelekezo. Msiuruke upinde huu: bila huo mfuko hufyonzwa, hulala juu ya matundu na kuyaziba. Vika mfuko wa plastiki juu yake, ubandike kwenye mikanda yote miwili, kisha zungusha utepe mwingine kwa nje. Kopo halisi lilikuwa na tundu katikati ya upande wa chini, hilo lilizibwa.

Toboa pembe ya mfuko tundu dogo kuliko bomba, sukuma bomba ndani, funga kwa utepe. Mwisho wa pili wa bomba uunge kwenye feni; lazima ivute hewa, isipulize. Aquarius ilitumia bomba jekundu, la kurudishia hewa.

Jaribu kwa moshi wa udi, kaa lake likiwa mbali na plastiki. Moshi uingie kwa matundu ya chini tu. Ukivutwa kwenye kiungo, ongeza utepe hapo.

Wanaanga walitengeneza vichujio viwili. Hewa ukaa, iliyokuwa ikikaribia kiwango cha hatari, ilishuka upesi. Baadaye kila kichujio kiliongezewa kopo la pili, hewa ikapita yote mawili mfululizo.