Ukitaka kuwaonyesha washkaji Eraserhead, anza na kuzima feni

Hii muvi nimeshaionyesha kwa watu mara nne mpaka sasa, hapahapa geto kwangu Dar, projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani, na mara mbili za kwanza niliharibu kabisa. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kuharibu, na naandika manake naipenda hii muvi kuliko ninavyoweza kusema na inaniuma mtu akiitazama vibaya.

Kwa asiyeijua, ni muvi ya David Lynch, yule Mmarekani aliyefariki Januari 2025, ilitoka 1977, nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho, dakika 89. Jamaa mmoja anaitwa Henry, nywele zimesimama wima, anaishi chumba kimoja katikati ya viwanda, mwanamke wake kajifungua kitu ambacho hata hospitali hawana uhakika kama ni mtoto, mama mtu anashindwa kuvumilia kile kilio anaondoka, Henry anabaki nacho usiku. Ukiwaalika watu waambie hivyohivyo halafu nyamaza. Usiseme inatisha, usiseme ni ya ajabu, ukishasema inatisha watu wanakaa wanasubiri jini litokee, na jini halitokei, basi wanachoka kabla hata mambo hayajaanza.

Kosa langu la mara ya kwanza ndo hilo, nilieleza. Nilikaa pembeni ya ukuta naeleza kila kipande kama niko kibanda umiza. Na unajua sisi tumekulia huko, muvi ya Kichina inakuja na sauti ya Lufufu juu yake anakwambia nani kamkosea nani, Kenya nao wana DJ Afro, kwahiyo mtu wetu akikaa mbele ya muvi anasubiri aelezwe na akiona hakuna anayeeleza anakugeukia wewe mwenye projekta. Usikubali. Lynch mwenyewe aliulizwa miaka na miaka hii muvi inahusu nini na hakusema mpaka anakufa, hata yule mtoto alitengenezwaje hakusema. Sa wewe unaeleza nini.

Kitu kimoja tu ndo unakieleza mwanzoni, rejeta. Henry anakodolea macho rejeta ya chumbani kwake, na humo ndani anamuona mwanamke mwenye mashavu yaliyovimba anaimba jukwaani. Mtu wa Dar ukimwambia rejeta anajua ya gari, na mwaka jana mshkaji alikaa nusu saa anajiuliza kwanini jamaa ana kipande cha gari chumbani. Waambie kabla, kule kwenye baridi chumba kinapashwa joto kwa chuma kama kile, kina maji ya moto au mvuke ndani, basi, hamna fumbo hapo. Mafumbo mengine waachie wenyewe.

Haya, sauti. Hapa usifanye uvivu. Sauti ya hii muvi Lynch aliitengeneza na Alan Splet kwa muda mrefu sana, na ndo nusu ya muvi, kuna mvumo unapita chini ya kila kitu kama mashine inayofanya kazi nyumba ya tatu, haukatiki. Na kama dakika 10 za mwanzo hakuna mtu anayeongea, ni huo mvumo tu na Henry anatembea. Ukiweka kwa spika ya kompyuta umewapa picha tu. Tafuta spika yenye besi hata ya kuazima, weka chini sakafuni nyuma ya watu sio mbele, halafu zima feni. Najua joto, najua mtalowa, lakini feni ina mvumo wake na inaufunika ule wa muvi, fungua madirisha mapema chumba kipoe halafu zima. Mara ya tatu tulivyozima feni, kama robo saa ndani, dada mmoja akaniambia kaka naomba mkamwambie jirani azime jenereta linanikera. Hamna jenereta, umeme ulikuwepo mtaa mzima. Nilimjibu tu, ngoja kidogo dada litazima, na sikumwambia kitu mpaka muvi imeisha.

Idadi ya watu isizidi sita. Nikiwa na kumi walianza kuongea wenyewe. Simu zote kwenye beseni mlangoni, na usichanganye muda, saa tatu usiku kwenda mbele, sio mchana, hata Marekani hii muvi iliishi kwa kuonyeshwa usiku wa manane. Mtu aliyeisambaza, Ben Barenholtz, aliipeleka Cinema Village pale New York, usiku wa kwanza wakaja watu 25, wa pili 24, angeweza kuiondoa lakini akaiacha ikae, na watu wakawa wanaambiana mmoja mmoja mpaka kwenye miji mingine ikadumu miaka. Kwahiyo ukialika sita wakaja watatu usivunjike moyo hata kidogo.

Sa tuje kwenye watu wenyewe wanavyofanya, manake usipojua utakasirika bure. Wa kwanza ni wa kucheka. Watacheka pale Henry anapoenda kula ukweni, baba mkwe anampa kuku mdogo kama ngumi amkate, akigusa kwa kisu yule kuku anaanza kurusha miguu na kutoa kitu cheusi. Na bibi kakaa jikoni hasogei, anawekewa bakuli la kachumbari mapajani, mama mkwe anamshika mikono anamchanganyishia, halafu anamuwekea sigara mdomoni. Watu wanacheka sana hapo na mara ya kwanza mi niliwanyamazisha, nikakosea mno. Kinachekesha kweli! Kwenda kujitambulisha ukweni kila mwanaume anakujua, ule ukimya wa mezani, mzee anasema maneno yake ambayo huna la kujibu, kicheko kinatoka kwasababu kila mtu kashawahi kukaa kile kiti. Acha wacheke. Utaona mwenyewe kicheko kinavyokatika mama mkwe anapomvuta Henry pembeni kumuuliza habari za binti yake.

Wa pili ni wa kusinzia, muache alale, akiamka ataamkia sehemu na itamkaa kichwani kuliko waliokesha.

Wa tatu ni wa kutoka nje, na huyu ndo nataka umuangalie vizuri.

Kabla hujaalika uliza kimyakimya nani ana mtoto mchanga nyumbani, nani mke wake mjamzito, nani amepoteza mtoto. Sio kwamba wasije, ila wajue kuna mtoto mgonjwa ndani na mwisho wake sio mzuri, hicho kimoja wana haki kuambiwa. Mi sikuuliza. Mara ya pili alikuwepo jamaa yangu, mkewe kajifungua kabla ya siku zake, miezi miwili haijaisha. Tumefika pale mtoto anaumwa, Henry anampima joto, ukiangalia hakuna kitu, anageuka tena kidogo tu mtoto kajaa vipele uso mzima anahema kwa shida. Jamaa akainuka taratibu, akavaa ndala, akatoka. Wengine wakaguna, wakajua kachoka. Nikamfuata barazani, kashika nguzo anaangalia barabara. Sikumuuliza kitu, nilisimama tu. Baadaye sana akasema, "Kaka, saa nane usiku mtoto analia hanyamazi, kuna siku nilimuangalia nikaogopa. Mtoto wangu mwenyewe. Sijamwambia hata mama yake."

Nilikuwa nimeitazama ile muvi kama mara saba hivi kabla ya usiku ule na sikuwahi kuiona hivyo. Lynch mwenyewe binti yake Jennifer alizaliwa 1968 na miguu iliyopinda, akafanyiwa upasuaji, na watu wengi wanasema muvi imetokea huko. Jamaa yangu hakuwa anajua lolote kati ya hayo. Alijua saa nane usiku inavyokuwa.

Ndo maana muvi ikiisha, usiwashe taa haraka, na usiulize "mmeelewa?" Hilo swali linaua, mtu anajiona yuko darasani, anasema "sijaelewa" basi mazungumzo yamekufa hapo. Washa taa ndogo, toa maji, kaa kimya dakika tano hata kama inakusumbua. Halafu uliza ni kipande gani hakijakutoka. Hapo watu wanaongea. Mmoja atasema ule uzio na vumbi vimemkumbusha alivyopanga karibu na kiwanda, mwingine atasema yule mwanamke wa kwenye rejeta ni malaika, mwingine atakwambia yule ni kifo, na wote usiwasahihishe. Atakayekasirika na kusema umempotezea usiku wake naye msikilize mpaka amalize, muulize hasira zilianzia wapi, mara nyingi ni pale kilio cha mtoto kilipokuwa hakikatiki, na hiyo nayo ni muvi imemfikia.

Na kesho yake usitume ujumbe wa kumuuliza mtu "vipi umeionaje". Subiri wiki. Yule jamaa yangu alinipigia siku ya tisa, mwenyewe, akasema nataka nimalizie kile kipande nilichoacha, ila nije na mke wangu. Tukaiweka watu watatu tu, feni nimezima, yeye kakaa karibu na mlango kashika mkono wa shemeji, na mtoto wamemuacha kwa bibi yake.