Mlango Unafungwa Saa 3:45: Kusimamia Muda kwenye Mahafali ya Kidato cha Nne

Mahafali ya kidato cha nne hapa Tanzania huangukia zaidi Septemba na Oktoba, kabla wahitimu hawajaingia kwenye mtihani wa taifa wa Novemba. Kadi husema saa tatu asubuhi, mgeni rasmi anafika saa sita, pilau linagawiwa saa kumi. Shule nyingi zimejaribu kuikomesha hali hiyo kwa sentensi moja chini ya kadi: "Atakayechelewa hataruhusiwa kuingia." Sentensi hiyo hufa dakika tano tu baada ya geti kufungwa, pale mama wa mhitimu anaposimama nje na zawadi mkononi na mtoto mgongoni. Ukali unawezekana, lakini kamati iamue mapema mchelewaji atakaa wapi, ataingia wakati gani, na nani atamweleza mgeni rasmi kwamba sheria inamhusu na yeye.

Anzeni na hesabu. Wahitimu 120 wakipokea vyeti kwa sekunde 15 kila mmoja, ni nusu saa. Kila mmoja akisimama kupigwa picha, sekunde zinafika 25, na kazi ileile inachukua dakika 50. Maandamano ya wawili wawili kwa mwendo wa madaha, dakika 10. Sala na wimbo wa taifa, 5. Risala ya wahitimu isizidi kurasa mbili, dakika 8. Taarifa ya mkuu wa shule 10, burudani 15, zawadi 15, hotuba ya mgeni rasmi 20. Jumla ni dakika 133. Ongezeni 15 za dharura, mnapata kama saa mbili na nusu. Mkianza saa nne mnamaliza saa sita na nusu, na chakula ni saa saba. Kamati ikiona hesabu haikubali, ipunguze burudani au picha. Isiwarudishe watu nyuma wafike alfajiri.

Kwenye kadi andikeni nyakati tatu tofauti: geti kufunguliwa saa 2:30, mlango wa ukumbi kufungwa saa 3:45, maandamano kuanza saa 4:00. Msiandike saa ya uongo kwa kudhani watu watachelewa tu. Wazazi wameshaijua hila hiyo, nao hujiongezea saa mbili zao. Kadi ikichapwa kwa Kiingereza, mtu mmoja asome saa kabla haijaenda kiwandani, kwa sababu "saa 3:00 asubuhi" hugeuzwa kuwa 3:00 a.m., au 9:00 a.m. ikarudi kwenye Kiswahili kama saa tisa, na mzazi akaja alasiri akiwa na haki yake kamili. Barua itoke wiki tatu kabla, na ujumbe wa kukumbusha uende kwenye kundi la wazazi siku moja kabla, saa zikiwa zilezile.

Mhitimu mwenyewe huripoti saa 2:00, akiwa na sare au joho. Wa bweni hawana tatizo. Wa kutwa ndio hukwama saluni na kwenye daladala. Mhitimu anayechelewa huharibu zaidi ya mzazi, na sababu ni safu ya kupokea vyeti. Majina husomwa kwa mpangilio wa viti, kwa hiyo pengo moja kwenye safu humfanya kila anayefuata apokee cheti cha mwenzake, na fujo hiyo hugundulika wahitimu 20 baadaye. Dawa yake ni kikadi kidogo chenye jina na namba. Kila mhitimu hukishika mkononi, humkabidhi msomaji anapofika jukwaani, na msomaji husoma kilichoandikwa humo badala ya orodha. Vyeti navyo vipangwe kwa namba hizohizo.

Aliyekosa maandamano asiingizwe kwenye safu. Apitie mlango wa pembeni, akae kiti cha mwisho, aitwe wa mwisho. Hiyo ni adhabu ya kutosha, maana kila mtu anaiona. Kumnyima cheti ni kumwadhibu mzazi aliyewahi kiti cha mbele tangu saa tatu. Faini getini nayo tunaikataa kabisa: ukishaweka bei, kuchelewa kunakuwa bidhaa, na kwa shule za umma kukusanya fedha kwa wazazi ni jambo linaloangaliwa kwa jicho kali tangu elimu bila ada ilipoanza 2016.

Kwa wazazi, tengeni hema la kusubiria karibu na mlango: viti 30, maji, na spika moja ili wasikie kinachoendelea. Bila spika watasukuma mlango. Waingizwe kwa makundi, mara tatu tu: baada ya wimbo wa taifa, baada ya risala, na wakati wa burudani. Vyeti vikianza, hakuna anayeingia, kwani hapo ndipo watu husimama na simu kupiga picha, na anayetafuta kiti huziba njia ya wahitimu. Wazee, wenye ulemavu na wenye watoto wachanga wawekewe viti vya nyuma karibu na mlango, nao waingie wakati wowote.

Sasa mgeni rasmi. Tuseme wazi: ndiye mchelewaji mkubwa wa mahafali mengi, na sheria inayomsubiri yeye saa mbili haiwezi kumzuia mzazi dakika mbili. Ukumbi ukimsubiri, wahitimu wenye majoho wanakaa kwenye joto hadi wengine wanazimia, pilau linapoa kisha linachacha, na sehemu zenye mvua za vuli mawingu ya alasiri hayana subira. Katika barua ya mwaliko wekeni maneno haya: "Ratiba itaanza saa 4:00 kamili. Endapo utapata dharura, mwenyekiti wa bodi ya shule atafungua shughuli kwa niaba yako." Si utovu wa adabu. Wengi wao hufurahi kupata sababu ya kuondoka mapema kule walikotangulia. Mwulizeni msaidizi wake ana shughuli gani asubuhi hiyo, na chukueni namba ya dereva, kwa kuwa dereva ndiye husema ukweli kuhusu barabara. Ratiba ipangwe ili burudani na taarifa ya mkuu wa shule zitangulie na vyeti vibaki mwisho. Ukaguzi wa kazi za wanafunzi maabara, ambao kwa kawaida hufanywa kwanza, uhamishiwe baada ya chakula.

Siku yenyewe pia ni sehemu ya muda. Ijumaa mnalazimika kumaliza kabla ya swala ya adhuhuri. Jumamosi wahitimu Wasabato wako ibadani, na kutokuja kwao si kuchelewa.

Mlangoni wawekeni watu wawili wazima pamoja na skauti wanne. Mmoja ashike orodha, mwingine ashike saa, na saa iwe ya simu iliyo kwenye mtandao, ileile anayoitumia mshereheshaji. Mwalimu anayejulikana kwa kuona haya asipangwe hapo. Wapelekewe chai na vitafunwa saa mbili na nusu, na sahani zao za pilau zitengwe jikoni kwa majina, la sivyo harufu ikianza kutoka mtakuta mlango hauna mtu.