Namna ya Kuwaeleza Wenzako wa Kazini Kuhusu Kazi Zako za Kujitolea

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaojitolea nje ya saa za ajira hawazitaji kabisa shughuli hizo ofisini, kwa kuogopa kuonekana wanajionyesha. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa Waislamu wameonywa dhidi ya riya, Wakristo wameambiwa mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, na wahenga nao walisema tenda wema uende zako. Hata hivyo, kwa maoni yangu maonyo hayo yanaihusu zaidi sadaka ya mtu binafsi. Kuzibua mifereji ya Tandale kabla ya masika, kupanda mikoko Kunduchi au kuhamasisha uchangiaji wa damu ni kazi za watu wengi, na hakuna atakayekuja mahali asipopajua. Basi, kabla ya kusema lolote, amua unachokitaka kwa msikilizaji, yaani aje, atoe ujuzi wake, au autambue tu uzoefu ulioupata.

Ukitaka aje, mpe maelezo ya kumtosha kupanga siku yake. Kusema kwamba mnasafisha ufukwe na kila mtu anakaribishwa hakumwondoi mtu wa Mbagala kitandani Jumamosi. Mwambie kwamba ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo hutumika kwa usafi wa mazingira nchi nzima, kwamba mnakutana Coco Beach saa moja asubuhi na kumaliza saa tatu kabla jua halijawa kali, kwamba glovu zipo lakini maji ya kunywa kila mmoja ajibebee, na daladala ya kupanda ni ipi. Kwa uchangiaji wa damu, taja masharti mapema: mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, na kama amewahi kuchangia, iwe imepita miezi 3 kwa mwanamume au miezi 4 kwa mwanamke. Anayeyasikia masharti hayo akiwa tayari kwenye foleni amepoteza asubuhi yake, na mwaliko wako wa pili hatauitikia.

Katika wasifu wa kuombea kazi, jambo linaloharibu maelezo mara nyingi ni ujumla. Sentensi kama “nimeshiriki shughuli mbalimbali za kijamii” haimwambii mwajiri chochote, na pengine inamtia shaka. Linganisha na hii: “Tangu mwaka 2022, nikiwa mwajiriwa, ninafundisha hisabati Jumamosi mbili kila mwezi kwa wanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya kata wilayani Temeke, na ninaandaa ratiba ya walimu wenzangu wa kujitolea.” Maneno “nikiwa mwajiriwa” yana uzito kwetu, kwa sababu wahitimu wengi wa ualimu na afya hujitolea shuleni na hospitalini wakisubiri ajira, na msomaji anaweza kudhani nawe ulikuwa katika hali hiyo. Tenganisha pia ulichokifanya wewe na kilichofanywa na kikundi: kama kikundi kilipanda miche nawe ulitunza hesabu, andika kwamba ulitunza hesabu, maana ndilo swali utakaloulizwa kwenye usaili. Mdhamini anaweza kuwa mwalimu mkuu au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mradi umemwomba ruhusa kabla ya kuandika namba yake.

Picha zinahitaji uangalifu kuliko maneno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo usisambaze picha ya mgonjwa aliye wodini bila idhini yake, wala ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na idhini hiyo iwe ya maandishi. Hata idhini ikipatikana, picha ya mtoto anayekabidhiwa daftari huku mtoaji akiitazama kamera haipendezi, kwani inamfanya mtoto kuwa pambo la wema wa mwingine. Onyesha mfereji kabla na baada ya kuzibuliwa, au wajitoleaji wakiwa kazini.

Mkuu wako wa kazi aambiwe mapema, hasa kama kikundi chenu kinapokea fedha kutoka kwa mteja au mshindani wa mwajiri wako, na fulana yenye nembo ya kampuni usiivae bila ruhusa. Kuhusu michango, watu wamekwisha kuelemewa na ile ya harusi na misiba, kwa hiyo omba muda wao kabla ya kuomba fedha, na usiwaombe walio chini yako kikazi, ambao ni vigumu kwao kukataa. Wanaoitikia wafungulie kundi lao la WhatsApp, ili kundi la ofisi libaki kwa mambo ya ofisi.

Shughuli ikiisha, wapelekee mrejesho waliokuja na waliochanga: kilichofanyika, fedha zilizotumika na zilizobaki, aliyekabidhiwa vifaa, na tarehe inayofuata. Utoshe katika ujumbe mmoja, na uwafikie kabla ya Jumatatu jioni.