Namna ya kufuatilia maana za "fisadi" na "mpotovu" ukiwa Lamu

Leo "fisadi" akitajwa redioni, msikilizaji anamwona mtu aliyetafuna fedha za umma. Mzee aliyekulia Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, anaweza kulisikia neno hilohilo akamfikiria mwanamume anayevunja ndoa za watu. Wote wawili wako sawa. Kazi yako ni kuonyesha maana ipi ilitangulia katika maandishi gani, na hilo halitaki kukisia.

Anza na daftari kabla ya kamusi. Kila unapolikuta neno, andika sentensi nzima, mwaka, mahali, aina ya maandishi, kisha kinachosemwa kuwa kimeharibika: mwili, dini, mali au hukumu. Safu hii ya mwisho usiiache tupu hata mara moja, maana hapo ndipo mabadiliko yanapoonekana. Anayenukuu neno peke yake bila sentensi hulazimika kurudia kazi yote.

Tenganisha mashina mapema. "Mpotevu" anatokana na kupotea, yaani kuikosa njia. "Mpotovu" anatokana na kupotoa, yaani kukipinda kitu kikaacha unyofu wake. Tafsiri za Al-Fatiha husema "waliopotea". Biblia ya mwaka 1952, Mathayo 17:17, inasema "kilichopotoka". Hukumu mbili tofauti. Halafu kuna "utovu", ambao ni kukosa kitu tu: utovu wa adabu ni kutokuwa na adabu. Siku hizi "utovu wa nidhamu" na "upotovu wa nidhamu" huandikwa kama kitu kimoja, basi mifano ya magazetini ihesabu kwa safu mbili.

Kamusi zisome kwa mfuatano wa miaka: Krapf 1882, Sacleux na Johnson 1939, TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) 1981, BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania) 2015. Kumbuka kila moja ilisikiliza wapi. Krapf alifanya kazi Mombasa na Rabai. Johnson alifuata Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Anayetaka Kiamu, lahaja ya Lamu, amfungue Sacleux, kwa kuwa yeye huonyesha neno ni la lahaja gani, ingawa maelezo yake ni ya Kifaransa. Na neno likikosekana kwenye kamusi si ushahidi kwamba halikusemwa.

Miswada ndiyo inayowaangusha wengi. Katika Kiswahili cha hati ya Kiarabu, alama ya irabu iitwayo dhumma hubeba u na o, na ile iitwayo kasra hubeba i na e. Kwa hiyo "mpotevu" na "mpotovu" hutenganishwa na alama moja tu kwenye herufi ta: kasra chini yake, au dhumma juu yake. Wino ukififia, au mnakili akiziruka irabu, yote mawili yanawezekana. Mizani haikusaidii, silabi ni nne kwa nne. Kina nacho hakikusaidii, yote yanaishia -vu. Tena wanakili wengi huandika v kwa fa, hivyo hata "mpotofu" anaingia humo. Linalosaidia ni neno la jirani: palipo na njia, giza au kuongozwa, elekea kwenye kupotea, palipo na hukumu, ulimi au maneno, elekea kwenye kupotoa. Pasipo na jirani, tia alama ya kuuliza na uendelee. Kuchagua kwa kupenda ni kuutungia mshairi maneno yasiyo yake.

Picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha wa hapa Lamu zimo kwenye intaneti kupitia British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza. Mingi ni ya Kiarabu, nayo inafaa kwa "fasadi", neno la asili la Kiarabu lililozaa "fisadi", na maana yake ni kuharibika kwa jumla. Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 41, ufisadi umedhihiri bara na baharini: hapo hapana kitanda wala hazina ya serikali. Uzinzi na wizi wa mali ya umma yote ni matawi ya shina hilo.

Hapa jihadhari na historia ya watu wengine. Neno la Kiingereza "pervert", ambalo huweza kutafsiriwa "mpotovu", kwa karne kadhaa lilimhusu aliyeiacha dini ya kweli. Ni madaktari wa karne ya 19 waliolitia chumbani, hasa Krafft-Ebing mwaka 1886, kisha Freud 1905. Mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukatumia jina "parafilia", yaani matamanio ya kimwili yasiyo ya kawaida. Usiisome maana hiyo ya kitabibu ndani ya utenzi wa Pate au Siyu, miji ya jirani na Lamu. Fisadi wetu, kwa matumizi ya sasa, ametoka nyumba za watu akaelekea ofisini, mpaka Kenya ikawa na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Barazani, salimu kwanza, kaa, na anayesomesha mwite Ustadhi au Mwalimu. Ukiuliza "fisadi maana yake nini?" utapewa maana ya redioni. Uliza, "Zamani mtu akiitwa fisadi, amefanya nini?" Kisha, "Mwanamke naye aliitwa hivyo?" Kisha, "Na panya aliyetoboa magunia?" Swali la panya linapima kama maana ya uharibifu mtupu ingali hai. Kina mama waulizwe na mwanamke mwenzao, faraghani, kwani mbele ya wanaume maana ya zinaa haitatajwa.

Wakikutajia fisadi wa mtaani kwa jina, andika "Fulani" papo hapo, usisubiri kufuta baadaye.