Pikipiki, vivuko na mpaka wa Mutukula: anza na saa za kivuko

Ukitaka kuzunguka visiwa vya Ziwa Victoria kwa pikipiki kutoka Mwanza, usianze kupanga kwa kilomita. Anza na kivuko cha mwisho cha siku, kisha panga saa zako kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Ukerewe unaingia kwa kivuko cha Kisorya–Rugezi. Ukitaka Ukara, kuna kivuko kingine Bugolora. Ukichelewa cha jioni, unalala ng'ambo hiyo hiyo, kwa hiyo weka siku moja ya akiba. Ukielekea Bukoba mambo ni mepesi: tangu 2025 pale Kigongo–Busisi unapita darajani.

Ndani ya kivuko, stendi ya pembeni pekee haitoshi. Weka gia ya kwanza, funga usukani, kaza breki ya mbele kwa kipande cha mpira wa tairi, kisha simama karibu na pikipiki yako. Ukiona watu na mizigo vimezidi, subiri kinachofuata. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 walifariki.

Unaendelea Uganda kwenye visiwa vya Ssese? Vuka Mutukula, nenda Masaka, kisha kivuko cha Bukakata–Luku. Mpakani kinachokwamisha wengi ni kadi ya pikipiki yenye jina la mtu mwingine. Kama umeazima, chukua barua ya mwenyewe iliyogongwa mhuri wa wakili. Bima ya pikipiki ya Tanzania nayo haivuki mpaka. Ulizia kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya chombo inayotambulika nje ya nchi, kabla hujaondoka Mwanza.