Kumchukua paka mzee mwenye ugonjwa wa kudumu: mwongozo kwa wakazi wa Dodoma

Paka aliyefikisha miaka 11 ni mzee, na akiwa na figo zilizochoka, kisukari au meno mabovu, watu wengi humpita kwenye kituo cha kutunza wanyama na kumchagua mtoto wa paka. Hiyo si haki. Magonjwa haya yanalelewa nyumbani, na paka anaweza kuishi vizuri kwa muda mrefu, mradi nyumba ijue kupima: maji, uzito, dawa na saa.

Kabla hujasaini chochote, omba karatasi zake. Unatakiwa kujua jina la kila dawa, nguvu ya kidonge kwa miligramu, kiasi anachopewa na saa aliyopewa mara ya mwisho. Omba pia majibu ya damu (kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na sukari), kipimo cha mkojo, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Maelezo kama "ana figo, anakunywa dawa" hayatoshi, maana siku ya kwanza tu utabaki hujui umpe nini. Kisha omba umwone akila. Paka anayenusa chakula akaondoka, au anayetafuna upande mmoja huku vipande vikidondoka, huenda meno yanamuuma, na kung'oa meno kwa paka wa figo kunahitaji maandalizi ya kupewa dawa ya usingizi. Ni bora uyajue hayo mapema. Ukiambiwa ana virusi vya kushusha kinga vya paka, elewa kwamba haviambukizi binadamu. Mfungie ndani tu, asipigane na paka wa mtaani.

Tafuta daktari kabla ya paka. Bwana mifugo wa kata anajua ng'ombe, mbuzi na kuku. Wewe ulizia daktari wa mifugo anayetibu mbwa na paka mara kwa mara na anayeweza kuchukua damu ya paka. Kesi nzito inaweza kupelekwa Hospitali ya Wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro. Ni kilomita kama 260, kwa hiyo panga safari na sanduku la kumbebea kabla hali haijawa ya dharura.

Wiki mbili za mwanzo mweke kwenye chumba kimoja, mbali na paka wengine. Choo chake kiwe beseni pana lenye ukingo wa sentimita 8 hadi 10 upande wa kuingilia, kwa sababu viungo vya paka mzee vinauma na ukingo mrefu humfanya ajisaidie sakafuni. Mchanga wa mtoni uliochekechwa unafaa. Safisha kila siku: vimelea vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vikitoka na kinyesi huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mjamzito asiguse choo hicho. Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi na upepo, kwa hiyo mpe boksi lenye blanketi, mbali na mlango.

Maji ndiyo kazi kubwa. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 kwa siku, ukijumlisha yaliyomo kwenye chakula. Pakiti ya gramu 85 ya chakula chenye mchuzi ina maji kama mililita 65, wakati chakula kikavu karibu hakina kitu. Kwa paka wa figo, chakula chenye majimaji kinashinda kikavu hata kama si cha aina maalumu ya figo. Chakula cha figo chenyewe hakipatikani kila duka, hivyo agiza kabla cha mwisho hakijafunguliwa, na ukibadilisha, changanya robo, nusu, robo tatu kwa siku saba hadi kumi. Dagaa punguza sana: mifupa yake ina fosforasi nyingi inayozielemea figo, achilia mbali chumvi.

Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, na kuyachemsha hakuiondoi. Paka akiyakataa, mpe ya chupa au ya mvua yaliyohifadhiwa safi. Badilisha mara mbili kwa siku, vumbi haliishi. Kujua anakunywa kiasi gani, pima mililita 300 asubuhi, kesho yake saa ileile pima yaliyobaki. Hewa ya kiangazi nayo inakunywa, kwa hiyo weka bakuli la pili linalofanana mahali asipofika, utoe kiasi kilichokauka humo. Akivuka mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mpigie daktari.

Uzito pima kila wiki, siku ileile. Mizani ya kusimamia ya bafuni haifai, tofauti ya gramu 100 inapotea humo. Tumia ya jikoni ya kidijitali inayobeba kilo 10: weka beseni, rudisha sifuri, mweke paka. Kupoteza gramu 200 kwa mwezi kwa paka wa kilo 4 ni jambo la kumpeleka kwa daktari, hata kama anakula.

Baadhi ya paka wa figo hupangiwa maji chini ya ngozi, mara nyingi Ringer Lactate (dripu ya maji yenye chumvichumvi), mililita 100 kwa mara moja. Daktari akuoneshe kwanza, na kiasi akipange yeye. Pasha mfuko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha ujaribu kwenye kifundo cha mkono wako: usisikie moto wala baridi. Ruhusu maji yajaze mpira wa dripu hadi hewa itoke. Vuta ngozi kati ya mabega iinuke kama hema, ingiza sindano mpya chini ya hema sambamba na mgongo, kisha achia ngozi na ufungue maji. Manyoya yakilowa, sindano imetokea upande wa pili. Uvimbe laini unaoshuka begani ni maji yenyewe, yatanyonywa kwa saa kadhaa. Usitumie dripu ya sukari. Usimwekee akiwa anahema haraka, maana moyo dhaifu ukizidiwa maji hujaza mapafu. Hesabu pumzi akiwa amelala: zikipita 30 kwa dakika, simamisha na piga simu.

Kwa paka wa kisukari, hatari iko kwenye bomba la sindano. Insulini ya U-100 ina yuniti 100 kwa mililita, ya U-40 ina 40. Ukivuta U-100 kwa bomba la U-40 hadi alama ya 2, umempa yuniti 5. Hakikisha namba ya chupa na ya bomba zinafanana. Insulini hupewa kila baada ya saa 12, pamoja na chakula. Asipokula, usimpe dozi nzima kabla ya kuongea na daktari. Chupa inakaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha, kwa sababu iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo. Akilegea, akiyumba au akitetemeka, mpake asali kwenye fizi, kisha mkimbize kwa daktari.

Vidonge vifuatishwe na mililita 5 za maji kwa bomba lisilo na sindano, taratibu, pembeni mwa mdomo. Kidonge kikavu hukwama kooni na kuchoma.

Waambie wote nyumbani, kuanzia dada wa kazi hadi bibi: paka hapewi Panadol. Nusu kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua, ini lake haliwezi kuivunja. Diclofenac na ibuprofen vivyo hivyo. Dawa za kuogeshea ng'ombe na za viroboto vya mbwa zenye permethrin au amitraz zisimguse kabisa. Usimwogeshe kwa Dettol.

Usisubiri asubuhi akiwa dume anayejikamua bila kutoa mkojo, akihema mdomo wazi, au fizi zikiwa nyeupe au za bluu. Asipokula saa 24, mpigie daktari. Paka anayefunga siku mbili tatu hujaza mafuta kwenye ini. Ukitaka kujua kama amekaukiwa, usitegemee kuvuta ngozi, ya mzee hurudi polepole hata akiwa salama. Gusa fizi: zikinata kidole, amekaukiwa.

Damu ipimwe tena baada ya mwezi mmoja nyumbani kwako, kisha kila miezi mitatu hadi sita kadiri daktari atakavyosema. Nenda na daftari la maji na uzito mkononi.