Maua na kipupwe: ya kuandaa kabla ya Juni

Mwishoni mwa Mei, masika yakiwa yanaaga, ndipo bustani ya maua huandaliwa kwa kipupwe. Ukingoja Julai, hapa Arusha utakuta Mlima Meru umejifunika mawingu na udongo hauna siku ya kukauka.

Kwanza mjue adui. Ulaya na Kanada maua ya dalia huchimbuliwa kwa sababu maji yaliyo ndani ya viazi vyake, yaani mizizi yake minene, huganda na kuviharibu. Viazi hufukiwa kwenye maranda makavu, penye nyuzi joto 4 hadi 10, mpaka baridi ipite. Arusha mjini usiku wa Julai hufika nyuzi 12 hivi. Hakuna kinachoganda. Dalia zetu huuawa na kuoza, kwa unyevu mwingi na jua kidogo. Mimi nilipoteza mstari mzima wa dalia nyekundu kwa kuzimwagilia kila jioni kana kwamba ni Februari, na bado inaniuma.

Kwa hiyo kagua maji yanapita wapi. Tuta likiwa limeinuka, viache viazi ardhini, ukate tu mashina yaliyokauka. Kama maji yanatuama, chimbua. Vianike kivulini siku kadhaa, kisha vikague kimoja kimoja. Chenye doa laini kitupe, kisiambukize vingine. Kila kiazi kibaki na kipande cha shina, maana macho ya kuchipua yako pale shingoni. Kisicho na shingo hakichipui hata ukibembeleze vipi. Hifadhi kwenye kreti yenye maranda, kamwe si kwenye mfuko wa nailoni.

Jeraniamu asili yake ni Afrika Kusini na hailipendi tope. Sogeza vyungu barazani, ondoa visahani vya chini, mwagilia asubuhi tu, tena baada ya kuchomeka kidole na kukuta pakavu. Geuza majani: ukiona vidonge vya kahawia upande wa chini, huo ni ugonjwa wa kutu, yachume na uyachome. Kata vipandikizi vichache mapema, viwe akiba.

Moshi mjini kuna joto zaidi, hangaiko ni dogo. Walio juu mlimani Kilimanjaro, Machame au Marangu, ukungu huwalalia hadi saa nne asubuhi, wapande kwa nafasi ili upepo upite. Isale, ule mmea unaopandwa mpakani mwa shamba, halihitaji lolote kati ya haya.

Matandazo yasiguse shina. Samadi nayo ingoje Septemba, jua likirudi.